Kitu Kinachoogopa Dhahabu

Mwezi wa Julai, jijini Nairobi, ngozi ya mtu aliyelelewa pwani hugeuka ikawa kama ya mtu mwingine. Jiji hili limekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni kavu, asubuhi zake ni za ukungu, na maji ya moto ambayo mwanafunzi huyakimbilia bafuni ili apate ahueni ndiyo yayo hayo yanayomwondolea mafuta machache yaliyosalia mwilini. Binti anayezungumziwa hapa aliyajua hayo katika mwaka wake wa kwanza chuoni. Alikuwa ametoka Mji wa Kale, Mombasa, ambako hewa yenyewe humpaka mtu mafuta. Wiki ya pili ya Julai ilipofika, miguu yake ilikuwa na michirizi myeupe mithili ya ukuta uliobambuka chokaa, midomo imepasuka, na kila alipochana nywele kitana kilirudi na sehemu yake.

Jina lake halitatajwa. Yaliyompata yamewapata wengi katika mabweni ya vyuo vyetu, na aghalabu wao huyaficha chini ya mtandio au nyuma ya poda.

Chumbani mwao walikuwa wanne, na kila mmoja alikuja na maarifa ya kwao. Wa kwanza, aliyetoka nyanda za juu kwenye ng'ombe wa maziwa, alitumia Arimis, mafuta ya kukamulia. Mafuta hayo yalikusudiwa chuchu za ng'ombe zisipasuke, lakini watoto wa Kenya waliokwenda shule nyuso zikimeremeta kwa ajili yake pengine wamewashinda ng'ombe kwa idadi. Wa pili alitumia vaselini. Wa tatu, ambaye atarejelewa tena, alitumia chochote kilichosifiwa juma hilo. Jumamosi alasiri chumba kilinukia kama karamu ya kachumbari: parachichi lililopondwa usoni, yai mbichi nywelini, limau na sukari mikononi, dawa ya meno juu ya kila chunusi.

Inafaa kusimama kidogo kwenye vaselini, maana ni kitu cha bei nafuu ambacho wengi hukitumia na wachache hukijua. Mkemia wa Kimarekani, Robert Chesebrough, aliwaona wachimbaji wa mafuta huko Pennsylvania wakijipaka utando uliogandamana kwenye mitambo yao kila walipojikata au kuungua. Aliusafisha utando ule, na mwaka 1872 akapata hataza yake. Vaselini haina maji wala haileti maji. Kazi yake ni kuziba ili maji yaliyomo ngozini yasitoroke. Kwa hiyo mahali pake ni juu ya ngozi mbichi, mara tu mtu atokapo kuoga na kujipangusa nusunusu. Chumbani mle walikuwa wakijipaka saa moja baada ya kuoga, ngozi imekwisha kukauka, wakifungia ukavu ndani kisha wakilalamika kwamba mafuta ya siku hizi hayana nguvu.

Hata hivyo, si ukavu uliomfikisha binti huyu kwenye matatizo. Chunusi ndizo zilizomponza, au kwa usahihi zaidi, alama nyeusi zilizoachwa na chunusi baada ya kukamuliwa kwa kucha. Alama za namna hiyo kwenye ngozi nyeusi huchukua miezi mingi kufifia. Yeye hakuwa na miezi mingi. Binamu yake, ambaye walilelewa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, alikuwa akiolewa Disemba, na arusi za Mombasa, kama ajuavyo kila aliyewahi kualikwa, huhudhuriwa na macho kabla ya kuhudhuriwa na watu.

Alijaribu limau kwanza. Maji ya limau ni makali, asidi yake ikiizidi mno ile hafifu iliyomo katika ngozi, na tena yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huweza kuichoma ngozi ikatoka malengelenge na madoa mapya. Yeye alijipaka asubuhi, akavuka uwanja kwenda darasani saa sita mchana. Madoa yalizidi.

Ndipo yule mwenzake wa tatu alipomweleza habari za krimu iuzwayo kwenye kibanda kimoja karibu na kituo cha matatu. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa mmoja wao, wakachanga nusu kwa nusu. Kikopo kilikuwa kidogo, cheupe, ndani ya kijisanduku chenye picha ya mwanamke mweupe na maandishi ya lugha mbili za kigeni, machache makubwa na mengi madogo. Muuzaji hakuulizwa kilichokuwamo, naye hakusema. Alisema tu, "Wiki tatu, utaniletea wenzako."

Katika hilo muuzaji hakudanganya. Wiki tatu zilipotimia uso ulikuwa umekwisha kubadilika. Madoa yalififia, na uso wote ukafifia pamoja nayo. Pale bwenini watu walianza kumwambia, "Umetakata!" Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulitazama neno hili kwa makini. Kutakata ni kuwa safi, kuondokewa na uchafu. Nguo hutakata, mbingu hutakata baada ya mvua, na dhahabu hutakata ikitiwa motoni. Mtu anapopoteza rangi yake aliyozaliwa nayo na wenzake wakamsifu kuwa ametakata, maana yake rangi ile imekwisha kuwekwa katika fungu moja na taka. Hakuna aliyekusudia tusi hilo. Walikuwa wakimpongeza, naye alipongezeka. Lakini duka haliwezi kuuza kile ambacho lugha haijakitengenezea soko, na kikopo kile kilikuwa na wapiga debe wengi ambao hawakulipwa hata senti.

Mwanzoni mwa Novemba mashavu yalianza kuwasha. Kisha yakawa mekundu, tena ya moto, hata maji ya bomba yakawa kama pilipili. Alipojaribu kuiacha krimu kwa siku nne, vipele vilifumka kwa wingi kuliko awali, naye akairudia ili vitulie. Vikatulia. Akafahamu, bila ya mtu kumweleza, kwamba alikuwa amefungwa kamba na kikopo. Mwezi huo alinunua kingine, mara hii kwa fedha za mkopo wa masomo zilizokusudiwa chakula.

Alisafiri kwa basi la usiku kwenda Mombasa, mtandio umefunika uso mpaka chini ya macho, kana kwamba alikuwa akijikinga na vumbi. Nyumba ya arusi ilikuwa imejaa. Bi arusi alikuwa ametawishwa ndani siku kadhaa, na somo wake alikuwa akimsinga kwa singo kila jioni. Kila nyumba ina mchanganyiko wake wa singo, na wenye nyumba huutetea kama mirathi, lakini katika nyumba hii ilikuwa ni liwa, dalia, waridi lililokaushwa na karafuu zilizotwangwa, vyote vikilowekwa kwa marashi ya mawaridi mpaka vikawa rojo. Humpakwa mwili mzima, ikaachwa ishike, kisha ikasuguliwa kwa viganja. Hapo nongo hutoka, zikianguka juu ya mkeka kama vijiuzi vya kijivu, na ngozi iliyobaki chini yake huwa laini na yenye kunukia kwa siku nyingi. Haibadilishi rangi. Bi arusi mweusi hutoka mweusi, ila weusi wenye nuru.

Kazi ya kusaga liwa huachiwa wasichana wa nyumbani. Binti huyu alikabidhiwa msio wa bibi yake, jiwe la kukwaruza lililochimbika katikati kwa miaka ya kusagiwa, pamoja na kipande cha msandali. Mtu hutia matone ya marashi juu ya msio, akakizungusha kipande kwa mkono usio na haraka, duara juu ya duara, mpaka yale matone yageuke uji mwepesi wa rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Huukusanya kwa kidole, akaupangusia kikombeni, akaanza tena. Mwendo wa saa nzima hujaza kikombe kidogo cha kahawa. Aliyezoea kununua uso kwa kikopo huona kazi hii ni ya kipumbavu. Aliyeifanya hata hivyo hujua jambo moja ambalo wa kikopo halijui: kilichomo kikombeni ni mti, maji ya waridi na nguvu za mkono wake, basi.

Kipande kile cha msandali nacho kina habari yake. Kilitoka Bara Hindi enzi za mama yake bibi, kikiwa na urefu wa mkono wa mtoto, na sasa kilikuwa kimebaki kama kidole gumba. Hakipatikani kwa wepesi tena. Hata msandali wa kwetu, ule unaoota katika nyanda kame kama Samburu na Baringo, uling'olewa mno na wafanyabiashara, mti mzima na mizizi yake kwa kuwa mafuta yamo mizizini pia, hata Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007 na biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 2013. Kwa hiyo anayedhani kwamba kila cha asili ni cha bure na hakina madhara kwa yeyote, na aulize habari za mti huo.

Jioni ya siku ya pili wasichana waliobaki walianza kujipaka liwa usoni, wakicheka. Mmoja wao aliuvuta mtandio wa binti huyu kwa utani. Kicheko kikakatika.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango. Hakupiga kelele wala hakumwuliza mbele za watu. Alimwita ndani, akamketisha karibu na dirisha, akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole. Binti alikuwa amebeba kile kikombe cha liwa. Moyoni alitumaini kwamba mzee huyu aliyemkanda utotoni kwa mafuta ya nazi angekichukua kikombe, ampake, na kila kitu kiishe hapo. Alikinyoosha.

Bibi alikirudisha. "Liwa ni ya ngozi nzima, mwanangu. Hii ni kidonda. Kidonda hakipakwi liwa." Kisha akauliza, "Ulojipaka ni n'ni?"

Binti akatoa kikopo mkobani, pamoja na kijisanduku chake.

"Kina n'ni ndani?"

"Sijui, bibi."

"Hujui, na umejitia usoni?" Hakungoja jibu. "Nisomea."

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha, mwaka wa pili wa shahada, alipoisoma kwa mara ya kwanza lebo ya kitu alichojipaka kwa miezi mitatu. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, naye alilazimika kuyasogeza dirishani. Aliyafasiri neno kwa neno kwa kuwa bibi hakujua Kiingereza: pakaa usiku, epuka macho, usipakae uso ulio na jeraha, na mwishoni kabisa, pembeni, onyo kwamba krimu isiguse fedha, dhahabu, mpira wala vito vya kujipambia. Orodha ya vilivyomo ilikuwa na maneno ambayo hakuweza kuyafasiri, nayo yalibaki kama yalivyo.

Bibi alizishika bangili zake mbili, zile alizopewa na mumewe. "Kitu chaogopa dhahabu," alisema taratibu, "na wewe wakitia usoni?"

Bibi yule hakuwa na elimu ya kemia, lakini swali lake lilikuwa ndilo swali la kemia lenyewe. Kitu kinachoiogopa dhahabu ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Migori huijua vyema, maana huitumia kunasia chembe za dhahabu mchangani: zebaki huishika dhahabu, ikaiyeyusha ndani yake na kuigeuza rangi. Onyo la kuepusha vito ni mojawapo ya dalili ambazo wataalamu wa afya huzitaja za kuitambua krimu yenye zebaki hata pale ambapo jina la zebaki limefichwa. Ngozini, zebaki huzuia kutengenezwa kwa melanini, rangi ambayo ndiyo mwavuli wa mtu mweusi dhidi ya jua. Kisha haikomei ngozini, bali hupenya, ikaingia katika damu na kuziumiza figo. Kenya imevipiga marufuku vipodozi vya namna hii kwa miaka mingi, pamoja na vile vyenye haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini huko Japani mwaka 2013, nao uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kuvitengeneza na kuvivusha mipaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Vibanda vya karibu na vituo vya matatu havikuhudhuria mkutano huo.

Asubuhi yake, siku mbili kabla ya arusi, bibi alijitia buibui lake akamshika mjukuu wake mkono mpaka hospitali ya serikali. Shangazi mmoja alishauri asubuhi ile ile apakwe manjano na asali kwanza, mwingine akasema shubiri. Bibi akawajibu kwamba vyote viwili ni vizuri na vyote vingoje.

Daktari alikiomba kikopo, akakitazama kwa muda, akasema amekwisha kuviona ndugu zake wengi. Kwa kadiri ya dalili, alidhani mlikuwamo zebaki na dawa ya steroidi kwa pamoja, ile ambayo hutuliza ngozi upesi, kisha huichosha ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia sambusa, na inapoachwa ghafla vipele hufumka. Ndiyo ile kamba ya Novemba. Alimpima mkojo kwa ajili ya figo, na majibu yakawa mema. Dawa alizoandika zilikuwa chache. Kuhusu kujipaka, agizo lilimshangaza binti kwa uchache wake: maji yasiyo ya moto, sabuni isiyo na manukato, vaselini juu ya ngozi mbichi, na kivuli. Kofia au mwavuli, alisema, hata mawingu yakiwapo. Kisha akauliza swali ambalo binti hakulitarajia: ni nani mwingine aliyelala naye chumba kimoja, akatumia taulo moja naye, au kikopo hicho hicho? Kwani zebaki hukaa katika taulo na foronya, ikawafikia wasiojipaka.

Alimpigia simu mwenzake siku ile ile, kutoka ngazi za hospitali. Mazungumzo hayakuwa mazuri. Uso wa mwenzake ulikuwa bado haujawasha, watu bado walikuwa wakimwambia ametakata, naye aliamini kwamba anaambiwa aache kwa sababu aliyeshindwa hapendi mwengine ashinde. Simu ilikatwa. Binti huyu huikumbuka simu hiyo kuliko vipele vyake, maana nusu ya bei ya kikopo cha kwanza ilikuwa yake.

Arusini hakupakwa piko wala hakupaka poda. Bibi ndiye aliyekataza piko, na hapa alikuwa na ubishi wa zamani na wapambaji wa siku hizi. Hina ya majani, iliyotwangwa na kukandwa, hukaa mkononi saa nyingi, ikaacha rangi ya kahawia yenye wekundu. Piko nyeusi hushika upesi kwa kuwa ina rangi ya kemikali itumiwayo kutia nywele weusi, na mtu anayechukiana nayo hutoka malengelenge yenye umbo la ua lile lile alilochorwa. Akishaumwa nayo mara moja, mwili wake hausahau. Baadhi ya wanja nao una risasi ndani yake, ingawa umepitishwa kutoka bibi hadi bibi kwa heshima zote. Ukale wa kitu si hati ya usafi wake, jambo ambalo waandishi wetu wa makala za kusifu mila hulisahau mara kwa mara.

Binti alibaki Mombasa mpaka Januari. Katika majuma hayo alifunguliwa kabati ambalo utotoni hakuruhusiwa kuligusa. Alitarajia kukuta msio, udi, chupa za kale. Alivikuta, na kando yake akakuta chupa ya gliserini ya duka la dawa, ya bei ya mkate, ikiwa imekwisha nusu.

"Bibi, na hii?"

"Hiyo ya upepo wa kusi," bibi alisema. "Marehemu mama akiitumia pia. Hiyo naijua. Yatoka kwenye mafuta yakipikwa sabuni."

Ndivyo ilivyo. Gliserini hubaki pale mafuta yanapogeuzwa sabuni, na sifa yake ni kuvuta maji na kuyashika. Ikipakwa tupu hunata na yaweza kuikausha ngozi badala ya kuilainisha, kwa hiyo bibi huichanganya na marashi, gliserini kijiko kimoja kwa marashi vijiko vitatu, akaitikisa ndani ya mrashi wa zamani uliopoteza kifuniko. Hakuona ugeni wowote katika kuweka chupa ya dukani karibu na jiwe la nyanya zake. Mpaka wake haukupita kati ya vya dukani na vya nyumbani.

Mafuta ya nazi walitengeneza pamoja. Nazi zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi, chicha ikakamuliwa kwa maji ya vuguvugu, na tui zito likawekwa juu ya moto mdogo. Mwanzo huchemka kwa kelele, maji yakipungua. Kisha sauti hugeuka ikawa ya kutatarika, na mafuta huanza kujitenga, angavu, juu ya mashapo yanayoelekea kuwa ya kahawia. Hapo ndipo pa kusimama, kwani dakika chache zikizidi mafuta hunuka moshi. Bibi hakutumia saa. Aliisikiliza sufuria. Mafuta hayo hupakwa nywelini usiku wa kuamkia siku ya kuosha, na utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2003 na wataalamu wa Kihindi ulionyesha kwamba nywele zilizopakwa mafuta ya nazi kabla ya kuoshwa hupoteza protini kidogo zaidi kuliko zilizopakwa mafuta ya alizeti au mafuta ya madini, kwa kuwa ya nazi hupenya ndani ya unywele wenyewe. Bibi alipoelezwa hayo aliuliza kama nao waliambiwa na bibi zao.

Binti alianza kuandika. Daftari lilikuwa la kozi ya msamiati, na mwanzo alikusudia orodha tu: liwa, msio, singo, dalia, nongo, mrashi. Kamusi aliyokuwa nayo iliyaeleza maneno ya aina hii kwa mstari mmoja au miwili, na haikuwa na kosa. Lakini mstari mmoja hauwezi kusema kwamba liwa haipakwi juu ya kidonda, wala kwamba mafuta ya nazi yakitatarika huondolewa motoni. Kila neno alilomwuliza bibi lilikuja na sharti lake: lini, juu ya nani, na lini usithubutu. Aliporudi kuisoma tena lebo ya kikopo, jambo alilolifanya mara nyingi, aliona kwamba hata zebaki inayo majina mengi ya Kilatini na Kiingereza ya kujifichia humo, ilhali jina lake la Kiswahili, ambalo lingemshtua hata mtoto wa shule ya msingi, halikuandikwa popote.

Shavu la kulia lina alama mpaka leo, chini kidogo ya jicho, mahali ambapo rangi haikurudi sawasawa. Yeye haifichi, ingawa haipendi.

Julai iliyofuata ilimkuta Nairobi, chumba kile kile. Mwenzake alikuwa amerejea vilevile, na kwa miezi sita hawakuwa wakizungumza ila mambo ya ufunguo na zamu ya kufagia. Kuanzia Juni alikuwa amevaa barakoa, akisema ana mafua. Asubuhi moja ya baridi binti alitoa kabatini chupa ya mafuta ya bibi yake, akaipindua. Hayakutoka. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na chumba hakikuwa karibu na joto hilo. Yalikuwa yamekuwa meupe, mazito, kama mshumaa.

"Yameharibika?" mwenzake aliuliza kutoka kitandani.

"Yameganda tu." Akaifumbata chupa kwa viganja vyote viwili, akaitia kwapani chini ya sweta, akaketi kungoja.

Mwenzake alivua barakoa. Mashavu yalikuwa mekundu kwa namna ambayo haikuhitaji maelezo. Aliitazama ile chupa ilipotolewa tena, mafuta yakianza kutambaa pembeni mwa kioo.

"Kina nini ndani?" aliuliza.

"Nazi."

"Na nini tena?"

"Nazi tu," alisema, akaisogeza chupa upande wake wa meza. "Lakini hii ni ya nywele. Kwa hayo mashavu, vaa viatu. Zahanati hufunguliwa saa mbili."